Pasipopitika

Kila Novemba baba alibeba kibao begani
hadi kona ya mwisho, pale lami inapokata tamaa,
akakigongomea kwenye theluji kwa nyundo ya mbao.
IMPERVIO. Herufi nane nyeupe,
O ya mwisho imebanwa ukingoni
maana alianza kuandika bila kupima.

Alikuwa mtengeneza barabara wa serikali:
koleo, koti la sufu, kilomita kumi na moja za kuchunga.
Neno lile alilijua kama alivyoijua baridi,
kwa vidole.

Ni Mwalimu Ersilia aliyenivunjia,
mezani kwake, kati ya maganda ya lozi.
"Nives, tazama. Ni Kilatini, lina vipande vitatu.
Via, njia. Na wapo wasemao ndani ya njia
limelala gari la kukokotwa, na magurudumu yake,
kwa kuwa ardhi haiitwi njia kabla ya kukanyagwa.
Per, kupenya, kutokea upande wa pili.
Na in, huyu mdogo wa mbele,
ndiye bawabu. Kazi yake kusema la."
Akayafagia maganda kwa kiganja.
"Warumi walitandika mawe kila walikofika.
Hili ni neno la pale walipoketi wakafuta jasho."

Nilirudi nyumbani nikilitafuna.
Baba alikuwa akiwafukuza mbuzi kwenye kabichi:
"Via! Via!"
Tokeni! Neno lile lile.
Njia na kufukuzwa,
kumbe vilipikwa chungu kimoja.

Livio alivuka mwezi wa tisa, kwenda migodi ya Ubelgiji.
Saa ya kuagana baba alikuwa anakagua mfereji.
Hakuinua uso.
Baridi yote ile mama aliweka sahani ya nne,
akaiondoa, akaiweka tena,
na usiku mmoja akasema, bila hasira,
kama mtu asomaye hali ya hewa:
"Mume wangu, impervio ni wewe.
Mlima angalau huyeyuka Mei."

Kuni zilimjibu. Yeye hakujibu.

Alfajiri koleo halikuwepo mlangoni.
Ilikuwa Februari, na serikali haikuagiza kitu.
Siku tisa alichimba ujia wa upana wa mabega,
kuta za theluji zikimzidi kimo,
hadi posta ya upande wa pili
iliyokuwa na barua mbili
na kadi moja yenye picha ya tramu.

Alizileta kifuani, zimelowa jasho.
Baba alijua herufi za vibao tu,
mwandiko wa kuunga ulimshinda.
Nilimsomea. Livio aliuliza hali ya kila mbuzi kwa jina,
hali ya baba hakuuliza,
ila chini kabisa, karibu na stempu iliyochanika:
"Koleo limepata mpini mpya?"

Baba alicheka, au alikohoa.
Usiku ule theluji ilishuka ikafukia kazi yake yote.

Sasa kibao ni mlango wa banda la kuku.
Nimekikata tundu kwa msumeno, chini ya ile V.
Kuku huingia hapo, hutoka hapo,
wanaacha manyoya kwenye mbao,
na yule mweusi, mnene kupita kiasi,
hukwama kidogo kila asubuhi,
halafu hupita.