Hodi Saba

Mundhir, mtoto wa dada yangu, miaka kumi na minne,
alininyang'anya simu tungali maegeshoni,
Mabela, saa moja asubuhi, kiyoyozi kikikohoa.
"Mamdogo, ramani yako imezeeka."
Akaingia kwenye mipangilio, akashuka mpaka chini kabisa,
kule kusikofika mtu ila kwa kupotea,
akaanza kuigonga nambari ya toleo kwa kidole gumba.

Kwetu hodi ni tatu.
Ukipiga ya tatu usiitikiwe, unavaa viatu vyako, unakwenda.
Yeye alipiga saba,
na mlango ukafunguka pasi na mtu kusema karibu.

Nikawasomea kwa sauti:
Vipengele vya majaribio. Vyaweza kubadilika,
kuharibika au kutoweka wakati wowote. Unakubali?
Mama, kiti cha mbele, bahasha ya vipimo mapajani,
mtoto wa jicho kamtanda macho yote mawili, akasema:
"Si ndivyo tulivyo sote? Mkubalie, tutachelewa."

Vivuli vya majengo: akawasha.
Mabonde yanayojaa mvua ikinyesha: akawasha.
Kisha lugha, orodha ndefu kama ya mahari,
na humo katikati, kwa wino wa kijivu, kama linaloona haya,
neno Kiswahili.

Kiarabu nimesomea, nimefanyia kazi,
nimejibia polisi wa barabarani.
Kiswahili ni cha jikoni, cha kuteta,
cha kulilia maiti mlango ukiwa umefungwa.
Sikuwahi kukisikia huku
kikitoka kwenye kitu kisicho na mama.

"Baada ya mita mia tatu, pinda kulia."

Mama alishtuka, akashika mkanda.
"Nani huyo?"
"Ramani, Mama."
"Kwao wapi?"
Mundhir akacheka. Mama hakucheka,
alikuwa anasikiliza, kichwa upande.
"Si wa Unguja," akahukumu. "Anasema kama msoma taarifa ya habari.
Lakini ana adabu."
Na tangu hapo kila akiambiwa pinda, huitikia:
"Haya, mwanangu."

Mawaleh, sauti iliiita Mawele.
Bahasha ilianguka kwa kicheko.
"Mawele! Toka nimetoka shamba sijamsikia mtu akitaja mawele!"

Na ule mzunguko mkubwa karibu na hospitali ya macho:
"Kwenye mzunguko, chukua njia ya tatu."
"Kipilefti," Mama akamsahihisha, taratibu,
kama anavyomsahihisha mjukuu. "Sema kipilefti."
Nchi hii magari yote yanashika kulia,
lakini kipilefti cha Mama kimevuka bahari
kikashuka uwanjani, kikapewa uraia,
na mpaka leo kinashika kushoto.

Jumatatu tatu tulikwenda hivyo.
Ya nne, simu ilikuwa imejisasisha usiku, ikiwa chajini.
Ikaamka na Kiarabu fasaha cha televisheni,
kila irabu imepigwa pasi.

Mama kimya. Tukapita Mawaleh, kimya.
Kwenye taa nyekundu nikaingia mipangilio, nikashuka chini,
nikapiga hodi saba. Nikapiga nane. Gari la nyuma likapiga honi.
"Yule mtoto kaenda wapi?"
"Wamemtoa, Mama. Alikuwa wa majaribio."
Akalisawazisha buibui lake magotini.
"Hata kuaga."

Tulipofika kwenye mzunguko, gari lilipoanza kulalia ubavu,
yeye asiyeona hata kidole chake
akainua mkono, akaunyoosha kwenye kioo:
"Kipilefti. Baada ya mita mia tatu. Njia ya tatu, mwanangu."
Kwa sauti ile ile ya taarifa ya habari.

Njia ya tatu ilikuwa hii hapa, wazi, haina gari.
Nikaipita.
Nikazunguka tena, ili aseme tena,
na kwenye dashibodi ramani, kwa Kiarabu chake safi,
ikaanza kuhesabu njia upya.