Neno la Tano

Maneno matano, alisema Daktari Favel,
akiyaweka moja moja kama mayai mezani:
ngazi, kijiko, farasi, theluji,
na la tano.
Orest akayarudia yote, akatabasamu
na lile pengo lake la jino la mbele.
Kisha maswali mengine.
Taja miezi ya mwaka kinyumenyume.
(Desemba, Novemba, Oktoba. Oktoba. Agosti?)
Simama kwa mguu mmoja, fumba macho.
Kisha: na yale maneno?

Ngazi. Kijiko. Farasi. Theluji.
Akatazama dari.
Mimi nilikuwa kiti cha pembeni, koti lake mapajani,
neno limejaa mdomoni mwangu kama donge la barafu
nisiloruhusiwa kulitema.

Mwili haujengwi kwa mbao.
Uwanja wetu ndio uliojengwa kwa mbao,
mbao nyeupe kuizunguka barafu,
zimeandikwa duka la matrekta, benki ya wakulima,
Kowalchuk na Wanawe, Huduma za Mazishi.
Jumamosi ya pili ya Januari,
nje nyuzi thelathini chini ya sifuri,
Orest alikiendea kisahani cheusi kwenye kona
na mvulana wa Tisdale akamwendea yeye.
Hakuna aliyevunja sheria.
Sauti ilikuwa ya mlango wa gari ukifungwa.

Aliinuka mwenyewe.
Tulipiga makofi tukiwa na glavu,
makofi ya sufi, hayafiki mbali.
Akateleza hadi kwenye benchi, akaketi.
Benchi halikuwa letu.
Watu wakacheka.
Nami nilicheka. Naliandika hili lisije likapotea nalo.

Lile pigo la Oktoba hakumwambia mtu.
Ndani ya basi taa za magari zilimchoma macho,
akaniambia ni njaa,
nikampa nusu ya mkate wangu.

Sasa ni Machi. Blanketi limepigiliwa dirishani.
Mama anaosha vijiko kimoja kimoja
juu ya taulo, visigongane.
Friji inanguruma jikoni, Orest anaisikia ghorofani.
Huyu aliyekuwa akikokotoa hesabu
redio ikisema, mimi nikisema, mbwa akikwaruza mlango,
na jibu likatoka sahihi, kwa mwandiko wa kuku!
Siku hizi ana sentensi moja ya historia:
*Reli ilifika nyanda za magharibi mnamo mwaka*
Akifika kwenye mwaka,
reli imekwisha kung'olewa nyuma yake.
Anaanza tena. *Reli ilifika.*

Shule imemwongezea muda wa mtihani.
Muda anao, wa kumwaga.
Hana kamba ya kuufungia.
Ni redio, ananiambia, iliyokaa baina ya stesheni mbili,
na zote mbili zinatangaza jambo la maana.

Mbona yuko sawa tu? wanauliza dukani.
Mwaka juzi alipovunjika mguu
darasa zima lilitia saini kwenye plasta,
hata msichana asiyempenda.
Safari hii watie saini wapi?

Akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Zake nimezikata mimi, kwa mkasi,
maana mlio wa mashine unamuumiza.
Taa imezimwa. Nilipapasa fuvu lote kwa vidole,
nyuma ya masikio, kisogoni.
Lilikuwa na joto. Hakuna ufa.

Kocha Lindqvist huandika kila Ijumaa.
Simu kakatazwa, mimi ndiye msomaji wake.
*Mtoano unaanza tarehe tisa. Tunakuhitaji.*
Huo niliuruka.
Nikamsomea wa shangazi, kuhusu ndama.

Jana usiku nilimkuta gizani, kati ya ghorofa,
amekumbatia magoti.
Lesia, lile neno bado unalo?
Ninalo.
Usiniambie.
Nikaketi kidato cha chini yake.
Friji ikanguruma, ikatetemeka, ikanyamaza.
Ngazi, akasema,
akiligusa alilolikalia.
Kijiko.