Kwa Niaba ya Nani

Wananiita wa Beijing.
Mimi hata Dodoma sijafika.
Mwisho wangu wa safari ni Ndanda, hospitali,
siku walipomtoa Rukia kwa kisu.

"Kilo mia nne na kumi na mbili, daraja la kwanza,"
anasema karani wa chama, Tandahimba, uso daftarini.
"Kwa niaba ya nani?"

Mikorosho ile aliipanda bibi mzaa mama,
Somoe Nanjota.
Kwetu shamba lilifuata titi,
mtoto alitajwa kwa ukoo wa mama.
Sijui ni mwaka gani daftari lilihama titi.

Nimepalilia. Nimepuliza salfa, nikakohoa njano.
Nimebangua za kuuza barabarani
hadi mafuta ya ganda yakanila vidole,
na mashine ya kusajili laini ikanikataa:
"Mama, huna alama."
Laini ikasajiliwa kwa dole la baba Rukia,
na pesa za msimu hulia mfukoni mwake.

Mwaka juzi zililia, akarudi na pikipiki.
Mwaka jana zililia, akarudi na bibi harusi wa Nanyamba,
ameachwa kabla mvua hazijakolea.
Alikuja kwangu kuomba nauli, yule binti,
kucha bado zina hina.
Nilimpa.
Nilimchukia pia, tangu mlangoni hadi stendi,
kisha nikarudi kumpa maji ya njia.

Wanauliza: unataka kuwa mwanamume?
Nani kasema?
Nataka risiti.

Usidhani nimenyooka.
Jana alfajiri nilimwamsha Rukia akachote maji
kaka yake akikoroma, miguu ukutani.
Akaniangalia tu, ndoo mkononi.
Jicho lile limenileta hapa
kuliko semina zote za posho na soda.

"Mama, foleni ndefu. Kwa niaba ya nani?"
"Ya Esha Hamisi Nampunju."
"Huyo ni nani?"
"Aliyebeba magunia."

Nyuma mtu akacheka. Mwingine, mwanamke,
hakucheka.

"Haya, weka dole."
Nikaweka. Likatoka doa,
jeusi, tupu, bila mstari hata mmoja.
"Halisomeki hili."

"Basi nipe kalamu."

E yangu iliangukia kulia kidogo.
Nikaandika polepole,
foleni ikasubiri.