Kadi Kwenye Mkebe

Mimi ndiye mwenye ufunguo wa choo, nyuma ya soko, Nakuru.
Haja shilingi kumi, kuoga ishirini,
tishu bure, mradi usiivute kama kamba ya ng'ombe.
Mwaka wa tisa huu nimo kibandani
nikiusikiliza mji ukivua nguo.

Watu nawajua kwa maji yao.
Madereva humwaga. Wauza vitunguu husugua visigino
mpaka sakafu inalia.
Kemunto yeye alikuwa na ndoo moja,
na kwa ndoo hiyo hiyo akaoga, akafua kitambaa chake cha mwezi,
akakifunga kingali kibichi,
Julai, baridi ya Menengai ikishuka kama mdai.

Walilala vibarazani, sita, saba,
idadi ikipanda na kushuka kama bei ya nyanya.
Asubuhi moja nikamkuta kashika ukuta,
miguu imejaa, kichwa, asema, kinatwanga.
"Kadi ya kliniki unayo?"
"Ya kwanza ilinyeshewa.
Ya pili Kanjo walienda nayo, pamoja na gunia."
Ya tatu hakuiomba.
Kila dirisha lilimuuliza, kabla ya kumuuliza anaumwa wapi,
unakaa wapi?

Nikachukua mkebe wa mafuta ya kupikia,
nikaupangusa kwa majivu.
Nikamwambia: wewe ukikosa pa kulala,
kadi isikose.

Haukuwa mradi. Hatukuwa na fulana wala bango.
Ulikuwa mkebe.

Muuguzi Jerotich akapata habari,
akaja Alhamisi na mashine ya presha,
akaketi juu ya kreti la soda, akawafunga mikono
mmoja mmoja, bila kuziba pua.
Mama Zuhura na wenzake wa msikitini wakaleta uji wa wimbi,
maana dawa kwenye tumbo tupu, alisema, ni ugomvi.
Fundi Gathoni akashona pedi
kwa vipande vya flana, za kufua na kuanika,
na kamba ya kuanikia tukaifunga ndani, mbali na macho ya wapiti njia.
Makokha, bawabu wa duka la mbolea, akakubali,
baada ya kununa siku mbili,
baraza lake liwe la wanawake tu,
na mwanamume atakayejikosea njia usiku
aelekezwe na rungu.

Wenye vibanda wakateta: mnawazoesha.
Mwenyekiti wa soko akaita kikao,
tukabishana hadi jua la utosi.
Mwishowe akatupa tangi kuukuu, limetoboka,
akasema asisikie tena habari zetu.
Tundu tuliliziba kwa kipande cha sabuni.
Limeshika hadi leo.

Sisemi mambo yamenyooka.
Tabutany humeza vidonge vya siku tatu kwa mpigo,
ati vimalize kazi mapema.
Yupo anayekuja kwa uji tu, mkono hatoi,
na uji tunampa.

Presha ya Kemunto ilishuka Novemba.
Jerotich aliandika tarakimu kwa wino mwekundu
akaipigia mistari miwili, kama mwalimu.
Kemunto akaitazama muda mrefu.
"Hii ni yangu?"

Januari hakuja. Februari vilevile.
Wengine wasema amerudi kwao Nyamira.
Wengine wasema maneno ambayo mdomo wangu hautayabeba.

Kadi yake imo, na nyingine ishirini na tatu.
Penye neno Makazi
Jerotich hakuacha mstari mtupu.
Aliandika: kwa Mama Choo, nyuma ya soko, uliza mkebe.

Kila Alhamisi naufungua.
Namwita kwa jina lake kamili, kwa sauti,
kama wanavyoita kliniki.
Foleni inanyamaza.
Nangoja kiasi cha maji kuchemka,
kisha namwita anayefuata.