Mia Tano

Skrini nyeupe. Juu kushoto, kwa herufi ndogo:
500. Hitilafu ya ndani ya seva.
Ndugu Anganile, mwenye kitalu cha miche ya parachichi
kule Kiwira, akainama, akasoma, akaingiza mkono mfukoni.
"Mia tano tu? Walipe, binti, tuendelee."
Akaiweka sarafu juu ya kibodi
ingali na joto la paja lake.

Sikucheka. Nje Tukuyu ilikuwa ikinyesha
kama inavyojua yenyewe, haianzi wala haiishi,
bati linaongea, unasema mara mbili ndipo usikike.
Nikamwambia: hiyo si bei, mzee. Ni namba ya ugonjwa.
Ugonjwa gani?
Wa ndani.
Ndani wapi?
Hapo ndipo seva inaponyamaza.

Kiolezo nilikinunua kwa pesa yake,
elfu sabini na mbili, cha kijani, kimepambwa,
nikakipakia jana kwa bando la usiku
asilimia kwa asilimia,
kama mtu anayepanda Rungwe na gunia la viazi.
Sasa nikaanza kugusagusa.
Nikabadili ruhusa za folda: mia saba hamsini na tano.
("Imepanda," akasema.)
Nikaongeza kumbukumbu. Nikazima nyongeza moja moja
kama mtu anayezima taa za nyumba
akitafuta ni ipi inayoangusha swichi kuu.
Nikalibadili jina faili lile linaloanza na nukta,
lisiloonekana mpaka uombe kuliona.
Nyeupe. Mia tano. Nyeupe.

Umeme ukaenda. Ukarudi. Nyeupe.

Baba yangu alikuwa karani wa mizani
kwenye banda la kupokelea majani ya chai.
Ukimuuliza siku imekuwaje: kawaida.
Mguu umevimba: kawaida.
Meneja kamtukana mbele ya wachumaji: kawaida, mama, leta chakula.
Alipofariki tulifungua daftari lake la jalada jeusi
tukakuta kila kitu, kwa saa na dakika, mwandiko umelalia kulia.
Sekela, kilo kumi na nne, majani yameloa.
Mizani inadanganya nusu kilo. Nimesema. Hawajasikia.
Saa tisa na robo. Mguu.
Halafu neno hilo tu, mguu, mguu,
kurasa nne mfululizo.

Basi nikaacha kugusagusa.
Nikashuka chini ya folda zote
nikalitafuta daftari la makosa,
maana hakuna anyamazaye asiandike mahali.
Lilikuwapo. Refu, jinga kwa uaminifu:
saa mbili na dakika nane, saa mbili na dakika tisa,
kila nilipobisha hodi limeandika kwamba nimebisha,
na kila mara sababu ile ile, mstari wa thelathini na moja,
agizo hili halijulikani hapa.
Kiolezo kilikuwa kinasema lugha ya mwaka huu.
Seva imebaki na ya zamani.
Haikuwa na kisirani. Haikuelewa tu, ikaona haya kuuliza.

Kubadili toleo ni kubofya mara moja.
Nilibofya. Saa mbili nzima, na kubofya mara moja.

Tovuti ikafunguka, kijani, inang'aa,
na katikati yake Wazungu wawili wanacheka
juu ya mchanga wa bahari isiyo yetu, glasi mkononi,
na chini yao aya tatu za Kilatini
zisizomaanisha kitu, hata kwa padri.
Anganile akawatazama muda mrefu.
"Na hawa?"
Wamekuja na nyumba, nikasema. Tunawatoa,
tunaweka picha za miche yako.
Akasikiliza bati kidogo, akavuta kola ya koti.
"Waache walale kwanza.
Mvua hii, uwatoe waende wapi?"