Goti la Kocha Onodera

Goti lake la kushoto hutabiri mvua
kabla Ziwa halijajua.
Misimu tisa huko Japani, beki namba tatu,
mabao mawili: moja la kujifunga,
na hilo ndilo analotusimulia.

Hapa Nyalenda chenga husubiri.
Kwanza tunaokota mawe,
tunafukuza mbuzi wa Mama Aluoch,
kisha tunauinamia uwanja.
Wapita njia walicheka hadi wakazoea.

"Achiel, ariyo," anahesabu, ulimi ukiteguka,
na adek kwake ni "adeki".

Jumamosi vijana wa Ahero walitutandika nne bila.
Hakufoka.
Alichutama kwa goti moja,
akazikunja jezi zetu chafu, moja moja,
taratibu,
kama anayefunga bandeji goti la mtu mwingine.

Kisha akauliza nani ana njaa.