Ishirini na Sita

Bi Raya kaifunga rimoti kwa plasta,
namba isisogee: ishirini na sita.
"Mita moja, vyumba vinne, wanangu,"
na uniti anatupimia kama karafuu, pishi kwa pishi.

Usiku wa kaskazi, Wete,
mwanangu ana harara shingoni.
Nikaibandua plasta kwa ukucha, polepole,
nikateremsha hadi kumi na nane.
Tukalala kama watu wenye mashamba.

Saa nane mita ikalia mara tatu.
Kiza.

Nikatoka uani, mtoto begani.
Bi Raya yuko pale, kajilaza kwenye simiti tupu,
anajipepea kwa mfuniko wa ndoo.
Chumbani kwake hakujapata kuwa na kiyoyozi.

Hakuniuliza kitu.
Akajongea tu,
akanipisha upande wenye ubaridi.